Kupimwa Afya kwa Ajili ya Kuhamia Ng'ambo: Maandalizi, Ukweli na Siri ya Mgonjwa



Mada tuliyopewa huenda baadhi yenu mliona ni ya hospitali zaidi kuliko ya Kanisa. Yahusu uchunguzi wa afya ambao nchi nyingi humdai mtu anayeomba kuhamia kwao: anayemfuata mume au mke, anayekwenda kusoma kwa miaka kadhaa, anayekwenda kufanya kazi za ndani, au anayetafuta makao mapya baada ya vita kumng'oa kwao. Katika parokia za katikati ya jiji, kuanzia Kariakoo na Gerezani hadi Ilala na Upanga, ni shida kupata jumuiya isiyokuwa na mtu mwenye karatasi za namna hiyo sandukuni. Nao hutujia sisi mapadre, mara nyingi wakiwa wamechelewa. Wengi wao hawakuharibikiwa na ugonjwa. Waliharibikiwa kwa jinsi walivyojiandaa, au walivyoandaliwa na watu wengine.

Tunalotaka kulisema leo ni hili: mtu apime kwanza kwa ajili ya uhai wake, hapa kwao, mahali ambapo akionekana na shida atatibiwa, ndipo aende kupimwa kwa ajili ya karatasi. Mengine yote tutakayosema yanatokana na hilo.

Tusidhani kwamba mambo haya yameanza na balozi za siku hizi. Bandari zote za dunia zimemwogopa mgeni mgonjwa. Hapa jirani, mbele ya Mji Mkongwe wa Unguja, kipo kisiwa cha Changuu. Jengo lake lilijengwa mwaka 1893 liwe gereza, lakini likaja kutumika kama karantini: abiria wa vyombo vilivyotoka ng'ambo walishushwa hapo, wakangoja siku zao kabla ya kuruhusiwa kuingia mjini. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1892, Marekani ilikuwa imefungua kituo cha wahamiaji katika kisiwa cha Ellis, bandarini New York. Madaktari waliwatazama watu wakipanda ngazi na mizigo yao, na aliyetiliwa shaka aliandikwa herufi kwa chaki kwenye koti lake. Lakini abiria wa daraja la kwanza na la pili walikaguliwa humo humo melini. Waliopelekwa kisiwani wakapangwa mistari walikuwa ni wale wa daraja la chini. Hata leo mtalii wa wiki mbili haulizwi habari za mapafu yake, ila mama mzee anayehamia kwa mwanawe huulizwa. Vijidudu havisomi tiketi, lakini wanaotunga kanuni huzisoma.

Nasi tunayo kumbukumbu yetu wenyewe. Wazee wa nyanda za juu za kusini waliokwenda migodi ya Afrika Kusini kwa mkataba wa Wenela walipimwa mwili na uzito kabla ya kusafirishwa. Na jina la mtaa huu, Kariakoo, latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Wengi wa wapagazi hao waliuawa na kuhara na maradhi mengine kuliko risasi. Mwili wa maskini umepimwa mara nyingi ili ijulikane utabeba kiasi gani. Basi tusishangae kwamba mtu wetu akiambiwa "njoo upimwe" huingiwa na hofu ambayo hawezi kuieleza.

Pamoja na hayo, haki yatudai tuseme na upande wa pili. Nchi inayo haki ya kuwalinda watu wake na ugonjwa unaoenea kwa hewa, na anayesafiri akiwa na kifua kikuu kisichotibiwa huwahatarisha kwanza wale anaowapenda, yaani mke na watoto atakaolala nao chumba kimoja kule aendako. Uchunguzi si uovu. Uovu waweza kuingia katika namna unavyofanywa, na katika namna sisi tunavyoukimbia.

Sasa, ni nini hasa hufanyika? Kila nchi ina kanuni zake, nazo hubadilika. Kwa hiyo barua ya maelekezo aliyopewa mwombaji ndiyo ya kufuatwa, wala si maneno ya jirani aliyesafiri miaka 10 iliyopita. Lakini sura ya jumla inafahamika. Uingereza humtaka anayetoka Tanzania kwenda kukaa zaidi ya miezi 6 aonyeshe cheti cha kupimwa kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa. Kanada hupima zaidi: mwili kwa jumla, kifua, mkojo, damu, na tangu mwaka 2002 virusi vya UKIMWI pia. Marekani hutazama kifua kwa eksirei kwa mwenye miaka 15 na zaidi, hupima damu ya watoto wa kuanzia miaka 2 kutafuta dalili za kifua kikuu, hutazama magonjwa ya zinaa na ukoma, huuliza juu ya ulevi wa madawa na magonjwa ya akili, na tangu sheria ya mwaka 1996 hudai chanjo. Katika nchi zote hizo daktari hajichagui mwenyewe. Ni lazima awe ameteuliwa na nchi husika, na cheti cha daktari mwingine, hata awe bingwa, hakipokelewi.

Hapo ndipo vishoka wetu wanapopatia riziki. Twajua nyote jinsi mambo yalivyo katika mitaa ya Kariakoo: penye stesheneri ya kupiga chapa na kutoa nakala, pana kijana anayejua "njia". Kwa miaka mingi alijaza fomu za bahati nasibu ya viza ya Marekani, fomu ambayo wakati huo kuijaza kulikuwa bure, naye akadai fedha. Kisha humwita mteja na kumwambia, "Umechaguliwa, lete fedha ya daktari." Fahamuni kwamba uchunguzi wa afya huja mwishoni mwa safari ya maombi, baada ya mwombaji kuelekezwa na ubalozi wenyewe. Hufanyika mbele ya daktari aliyeteuliwa, na fedha hulipwa pale pale kwa risiti. Yeyote anayedai fedha ya daktari mtaani anaiba. Haidhuru ni mwana wa jumuiya yetu. Haidhuru anaimba kwaya.

Kishoka huyo huuza pia bidhaa nyingine. Huuza kadi ya chanjo iliyokwisha kupigwa mhuri, kadi ya homa ya manjano ambayo mkono wa mwenyewe haujawahi kuchomwa sindano. Na ajabu ni kwamba tangu Julai 2016 chanjo ya homa ya manjano hutambuliwa kwa maisha yote ya mtu, wala hairudiwi kila baada ya miaka 10 kama zamani. Yaani mtu hununua uongo wa kuficha sindano moja tu ya maisha. Huuza majibu ya damu. Huuza hata kifua cha mtu mwingine: kijana mwenye afya hutumwa kupigwa eksirei kwa jina la mgonjwa. Kwa sababu hiyo kliniki zilizoteuliwa hukagua pasipoti na kulinganisha sura kabla ya kuanza kazi. Anayegunduliwa hapoteza safari hii peke yake. Kwa sheria ya Marekani, udanganyifu katika maombi waweza kumfungia mtu mlango maisha yake yote. Uingereza yaweza kumfungia kwa miaka 10. Ugonjwa ungemchelewesha kwa miezi. Uongo ndio unaomwangamiza, pamoja na mke anayemngoja.

Tuzungumze sasa juu ya kifua kikuu kwa kirefu kidogo, maana ndicho kinachowakwamisha wengi kuliko yote.

Eksirei huonyesha kivuli. Haisemi kivuli hicho ni cha juzi au ni kovu la mwaka ambao mtu aliugua akapona. Basi anayewahi kutibiwa kifua kikuu asifiche. Atafute kadi yake ya matibabu. Ikiwa imepotea, arudi katika kituo alichotibiwa aombe barua yenye tarehe za kuanza na kumaliza dawa pamoja na majibu ya makohozi, na kama ana picha ya zamani ya kifua aichukue. Daktari akiziweka picha mbili pamoja na kuona kwamba kovu halikubadilika, anapata neno la kuandika. Asipokuwa na kitu mkononi, hana budi kumhesabu mtu huyo kama mgonjwa mpaka itakapothibitishwa vinginevyo.

Uthibitisho wenyewe huhitaji uvumilivu. Makohozi hutolewa asubuhi tatu, siku kwa siku, kisha huoteshwa maabara, na kuotesha huko kwaweza kuchukua hadi wiki 8. Katika wiki hizo nyumba nyingi hupoteza amani. Mume aliye ng'ambo hupiga simu akiuliza kwa nini hamsafiri. Ndugu huanza kunong'ona. Na kishoka hurudi akiuza "dawa ya kusafisha mapafu". Tumesikia wanaokunywa maziwa kwa ndoo siku tatu kabla ya picha. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayafuti kovu la pafu. Wengine hununua vidonge vya kifua kikuu kwa siri, wakameza wiki mbili ili "wajisafishe". Hili ni baya mno. Vidonge vichache huweza kuvificha vijidudu bila kuviua, na vile vinavyobaki hujifunza kuishinda dawa. Ugonjwa uliokuwa wa kutibiwa kwa miezi 6 hugeuka sugu, nao huhitaji dawa kali zaidi na uangalizi mkubwa zaidi, kama ule unaotolewa katika hospitali ya Kibong'oto, kule Kilimanjaro.

Anayeonekana kweli kuwa na kifua kikuu ajue kwamba jibu la kawaida la nchi hizi ni "tibiwa kwanza", wala si "hapana". Hutibiwa mpaka amalize, akimeza dawa mbele ya mtu anayemshuhudia, kisha hupimwa tena na safari huendelea. Wala tusione haya kama taifa. Mpango wetu wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma ulianzishwa mwaka 1977, na daktari Karel Styblo alipofanya kazi na Watanzania katika mpango huo alikuza utaratibu wa matibabu ya muda mfupi yanayosimamiwa kwa karibu, ambao Shirika la Afya Duniani lilikuja kuusambaza ulimwenguni miaka ya tisini. Nchi zinazotudai vyeti leo zimefaidi kilichojifunzwa katika wilaya zetu. Matibabu hayo hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali na katika vingi vya mashirika ya dini. Mwenye kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, anayetoka jasho usiku na kukonda, asingoje barua ya ubalozi.

Kuhusu magonjwa mengine ya kawaida tutapita haraka. Mwenye shinikizo la damu au kisukari asiache dawa zake ili "damu iwe safi". Azimeze kama kawaida na aende na maandishi ya daktari wake. Kisukari kinachotunzwa hakimzuii mtu, na kilichoachwa humwangusha kwenye foleni. Mwenye miwani aivae. Mama mjamzito au anayedhani kwamba ni mjamzito aseme kabla ya kuingia chumba cha eksirei, ili akingwe au ashauriwe kusubiri. Anayeelewa Kiswahili peke yake aombe mkalimani wa kliniki, wala asiende na mtoto wake wa miaka 12 amtafsirie maswali ambayo mtoto hapaswi kuyasikia.

Chanjo yatudai neno zaidi. Daktari huhesabu chanjo iliyoandikwa; isiyoandikwa hurudiwa, na mwenye kulipa ni mwombaji. Kwa hiyo akina mama wa WAWATA tunawaomba mwafundishe wanawake kuitunza kadi ya kliniki ya mtoto kama wanavyotunza cheti cha ubatizo. Chanjo ya homa ya ini aina ya B iliingizwa katika ratiba ya watoto wetu mwaka 2002, na ya rubella pamoja na surua mwaka 2014. Waliozaliwa kabla ya hapo wasishangae kuambiwa hawana. Masharti nayo huja na kwenda: kuanzia Oktoba 2021 Marekani ilidai chanjo ya UVIKO-19, na mwaka 2025 sharti hilo likaondolewa.

Tufike kwenye jambo zito zaidi.

Tangu mwaka 1987 Marekani ilimzuia mwenye virusi vya UKIMWI kuhamia kwake. Katazo hilo liliondolewa tarehe 4 Januari 2010. Lakini hapa Kariakoo bado tunakutana na watu wanaoishi kana kwamba lipo. Tumemjua mama aliyekuwa akitumia dawa kwa uaminifu miaka mingi. Alipopata barua ya kwenda kwa mumewe akavimwaga vidonge vyake chooni ili visionekane katika mizigo. Hakuna aliyemwambia kwamba nchi aendayo haikuwa inamkataza. Twawaomba viongozi mliseme hili waziwazi katika jumuiya: mtu asiache dawa za kufubaza virusi kwa ajili ya viza, kwa nchi yoyote ile. Kanada hupima, lakini majibu hayo peke yake hayamzuii mkimbizi, wala mke au mume na watoto wanaodhaminiwa na jamaa yao. Uingereza haikipimi kirusi hicho kwa ajili ya viza.

Nchi za Ghuba zina sheria nyingine. Huko mfanyakazi mgeni akionekana ana virusi vya UKIMWI, au homa ya ini, au kovu la kifua kikuu, hukataliwa. Binti akionekana ni mjamzito, hukataliwa. Hupimwa kabla ya kuondoka na hupimwa tena afikapo, na anayeonekana na virusi hurudishwa. Twazungumza habari za mabinti wanaoletwa Dar es Salaam kutoka Singida, Dodoma, Tanga na kwingineko, wakalazwa kumi katika chumba kimoja cha kupanga, wakingoja safari ya Muscat, Dubai au Riyadh. Wakala huwapeleka kupimwa kwa kundi. Majibu humrudia wakala. Na binti huambiwa neno moja tu: "hafai".

Hebu tulitafakari neno hilo. Wamekuja kwetu mabinti, si mmoja wala wawili, walioambiwa hawafai wasiambiwe kwa nini. Mmoja hudhani ni UKIMWI, akakata tamaa, kumbe damu yake ni pungufu tu. Mwingine hudhani ni upungufu wa damu, akarudi kijijini akaolewa, naye ana virusi ambavyo angeweza kuvitunza akazaa watoto wazima. Daktari anajua, wakala anajua, mwajiri aliye mbali anajua; asiyejua ni mwenye mwili. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2008 juu ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI yakataza kumlazimisha mtu kupimwa, yadai apewe ushauri nasaha kabla na baada, na yalinda siri ya majibu yake. Watatujibu kwamba binti alikubali, alitia sahihi. Ridhaa ya mwenye njaa tunaifahamu. Hata hivyo sahihi yake, kama ina maana yoyote, haikumnyima haki ya kuambiwa majibu yake mwenyewe.

Ndiyo sababu tulisema tangu mwanzo: apime kwanza kwa ajili ya uhai wake. Binti anayefikiria safari ya Ghuba aende kwanza katika kituo cha afya, peke yake au na shangazi yake, asiandamane na wakala. Apimwe damu, kifua, mimba, homa ya ini. Majibu yawe yake. Akiwa na shida, aanze tiba hapa, na fedha za nauli ya kuja mjini zibaki mfukoni mwa baba yake. Akiwa mzima, na bado anataka kwenda, basi apitie kwa wakala aliyesajiliwa, mkataba wake upitie kwa ofisi ya serikali inayosimamia ajira, na nakala ya pasipoti ibaki nyumbani. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 juu ya wanawake wa Tanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu ilieleza pasipoti zilizochukuliwa na mishahara isiyolipwa. Kuambiwa "unafaa" nako si salama ya kutosha, na tungependa wazazi wajue hivyo kabla ya kuuza ng'ombe.

Sasa twageukia jumuiya zenyewe, maana hapa tuna hatia ya pamoja kama watu wa mtaa. Mtu aliyeagwa kwa sherehe akabaki, huulizwa kila siku: "Vipi, safari imekwama?" Na baada ya swali huja jibu tunalolitunga wenyewe. Tumesikia majina ya magonjwa yakitajwa katika sala za maombezi, kwa nia njema, mbele ya watu 30. Kiongozi wa jumuiya anayeambiwa jambo la afya ya mtu amepokea amana. Hawezi kulipeleka kwa katibu, wala kwa mkewe, wala kuliingiza katika sala bila ruhusa ya mwenyewe. Padre afunguaye siri ya maungamo apata adhabu kali kabisa katika sheria ya Kanisa. Hatuoni kwa nini siri ya mapafu ya jirani ichukuliwe kuwa ni habari ya kibarazani. Anayekwama aachwe aseme mwenyewe, au anyamaze. Na tuache desturi ya kuchanga fedha za kumuaga mtu kabla hajapata viza, maana mchango huo humfunga: ataona afadhali kughushi cheti kuliko kuturudishia sherehe yetu.

Tuwakumbuke pia wakimbizi, hasa ndugu zetu wa Kongo wanaoishi kambini Nyarugusu, ambao baadhi yetu tuna jamaa zao hapa mjini. Uchunguzi wa Marekani kwa kawaida hudumu miezi 6, kisha huisha nguvu. Mwezi Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi, na watu waliokwisha kupimwa, wengine wakiwa wameuza sufuria na magodoro, walibaki. Karatasi zao ziliisha nguvu hali wao wenyewe ni wazima. Hatuna la kuwapunguzia uchungu kwa maneno. Twaweza kuwaambia jambo moja la manufaa: majibu yale, kadi zile za chanjo, picha zile za kifua, ni mali yao. Wasizitupe kwa hasira. Mlango mwingine ukifunguka, wa nchi hiyo au ya nyingine, zitawafupishia njia. Na usipofunguka, daktari wa kambini atazihitaji.

Kabla ya maswali, tuna maombi matatu kwa halmashauri zenu. Kila parokia imtafute muuguzi au tabibu mmoja miongoni mwa waamini, hata mstaafu, ambaye mtu mwenye barua ya ubalozi aweza kumwendea aisome pamoja naye kabla ya kwenda kwa kishoka. VIWAWA waende katika vyumba vile wanakolazwa mabinti. Si vigumu kuvijua, majirani wanavijua. Waende wasichana kwa wasichana, wala wasiende na vipaza sauti. Na Tume yetu itakusanya habari za waliopimwa wasipewe majibu, bila majina yao, ili zipelekwe mahali panapostahili. Mwenye habari hizo amwone katibu wa Tume.

Wenye swali linalogusa afya yao wenyewe wasilisimamie hapa mbele ya watu. Pale karibu na mlango pana sanduku na vipande vya karatasi; andikeni bila jina, nasi tutajibu yale yanayofaa kujibiwa hadharani. Yanayobaki tutayasikiliza sakristiani mpaka saa kumi na mbili jioni, mmoja mmoja.